Jiwe la umeme lilipata jibu, vokali ya kartye yetu bado

Vijana wenzetu wa Mutoshi, wa Kolwezi na wa Lualaba yote,

Mmoja wetu ametuma dola 25 kwa kazi ambayo haikuwako. Eko na lisansi, na huu ni mwaka wa tatu anangoja nyumbani. Tangazo liliingia katika grupu ya WhatsApp ya kartye: kampuni moja ya mgodi inatafuta vijana, logo iko juu, muhuri uko chini, na namba ya simu ya "mukubwa wa personeli". Chini wakaandika: "Dosye inafungwa leo saa kumi." Akakopa pesa ya mama yake, ile ya kununua makala ya kuuza, akatuma. Jioni namba haikupita tena. Kampuni yenyewe haikuandika kitu. Jina lake tu ndilo liliibwa.

Kuna watu walimucheka. Sisi hatucheki, ju karibu kila mmoja wetu alishapokea tangazo kama lile, na wengi tulilipeleka mbele. Mtu asiye na kazi hasomi tangazo kwa macho peke yake, anasoma kwa njaa pia. Ndiyo maana tunauliza swali moja leo: nani alipaswa kutuambia kama ile habari ni bongo?

Wakubwa wa mitandao wanasema wana jibu. Jibu lao linaitwa uhakiki wa habari. Facebook ilianza nalo Desemba 2016, kisha uchaguzi wa Marekani kujaa uongo. Inafanya hivi: Facebook yenyewe haisemi hii ni kweli, hii si kweli. Inalipa mashirika ya waandishi wa habari yanayojitegemea, yaliyokubaliwa na mtandao wa kimataifa wa wahakiki, IFCN. Mhakiki anachukua picha au video iliyosambaa sana, anatafuta ilitoka wapi, anaita wenye kujua, kisha anaandika alichokuta na namna alivyokikuta. Kama ni uongo, Facebook inabandika alama juu yake na kupunguza watu wanaoiona. Mwenye kuitangaza anapata ujumbe. Mhakiki hafuti kitu cha mtu. Agosti 2019 kazi hiyo iliingia nchi yetu, kupitia AFP na Les Observateurs ya France 24. Wakongomani nao hawakulala: Congo Check ilianzishwa mwaka 2018, na Balobaki Check ikafuata. Jina hilo ni Lingala, maana yake "walisema".

Hii kazi si bure. Mnakumbuka jiwe la umeme? Januari 2023, video ilizunguka dunia: mikono inashika mawe mawili yaliyosemwa yametoka Kongo, yanagongana, cheche zinaruka, hata taa ndogo inawaka. Watu wa ng'ambo wakasema hii ndiyo vibranium ya Wakanda, sasa Afrika itawasha dunia. Sisi wa Kolwezi tulicheka na uchungu. Tumezaliwa juu ya mawe. Shaba, kobalti, malakiti, tunayajua kwa rangi na kwa uzito. Tuko karibu na mabwawa ya Nzilo na Nseke, na bado delestaji inatukuta na chakula jikoni. Kama jiwe lingekuwa na umeme, Mutoshi haingelala katika giza.

Wahakiki waliita wataalamu wa mawe na wa umeme. Jibu likawa wazi: jiwe lenye metali ndani linaweza kupitisha umeme, lakini haliwezi kuutengeneza lenyewe. Kama taa inawaka, kuna chanzo kingine ambacho kamera haikuonyesha. Jibu hilo lilitoka kwa Kiingereza, kwa Kifaransa na kwa lugha zingine. Vizuri sana.

Sasa muangalie tofauti. Jiwe la umeme lilipata jibu kwa sababu dunia iliona video. Tangazo la dola 25 halikupata jibu kwa sababu lilipita WhatsApp, katika grupu ya watu 200, na vokali ya Kiswahili chetu juu yake. WhatsApp ni ya Meta, sawa na Facebook, lakini ujumbe wake umefungwa: anauona mtumaji na mpokeaji tu. Hatulii juu ya kufuli hiyo, inatulinda sisi wenyewe tunapopanga kazi ya raia. Lakini maana yake ni kwamba mhakiki haingii humo na alama yake. Kile WhatsApp ilifanya ni kupunguza mbio: Januari 2019 ilisema ujumbe mmoja upelekwe kwa watu au magrupu matano tu kwa mara moja, na Aprili 2020, wakati wa korona, ule uliosambaa sana ukabaki kwa moja tu. Inasaidia. Lakini bongo yenye kutembea kwa miguu inafika vilevile.

Na kuna jambo la pili. Tarehe 7 Januari 2025, Mark Zuckerberg alitangaza kwamba Meta itaacha wahakiki wanaojitegemea, ikianza na Marekani. Mahali pao wataingia watumiaji wenyewe kuandika maelezo chini ya habari, kama X inavyofanya. Kwa masikio ni muzuri: raia wanajisahihisha. Lakini katika mpango ule wa X, maelezo yanaonekana kama watu ambao kwa kawaida hawapatani wamekubali kwamba yanasaidia. Ni wangapi wataandika na kupiga kura juu ya vokali ya Kiswahili cha Kolwezi, wakati mega za siku zinakwisha mbele ya saa sita? Nchi kubwa ikizima taa ya sebuleni kwake, sisi tuko chumba cha nyuma, tulikuwa tunaona kwa mwangaza wake. Tunaogopa zamu yetu.

Wengine watasema: basi Leta ichunge ukweli. Hapo tunakataa kabisa. Tuna Kodi ya numeriki tangu Machi 2023, na inaadhibu mwenye kusambaza habari ya uongo. Tulishaona inavyotumika. Mwandishi wa habari Stanis Bujakera alikamatwa Septemba 2023 juu ya makala ambayo haikuwa hata na jina lake, akafungwa miezi sita Kinshasa. Mhakiki anakuonyesha namna alivyojua, nawe unaweza kumupinga. Askari hakuonyeshi kitu. Hiyo ndiyo maana ya neno "kujitegemea": asitegemee Leta, asitegemee kampuni ya mgodi, na asitegemee sisi wa harakati pia. Tukisema uongo, atuandike.

Lakini hata mhakiki muzuri anahitaji mtu wa kumujibu simu. Hapa ndipo Kolwezi inaumia. Kumbukeni tarehe 27 Juni 2019, udongo ulipofunika wachimbaji wa mikono ndani ya mgodi wa KOV. Kwanza Glencore ilihesabu 19. Kisha gavana akasema 36. Kisha ikawa 43. Katikati ya hesabu hizo, mama za wachimbaji walikuwa wanatafuta wana wao, na kila mtu eko na hesabu yake ya simu. Tuseme radio trotwari ndiyo mwenye kosa? Mahali wakubwa wananyamaza, uongo haubomoi mlango. Unakuta uko wazi.

Na sisi wa Katanga tunajua mlango huo unafika wapi. Mwaka 1992 na 1993 hakukuwa Facebook. Kulikuwa mikutano, redio na midomo. Maneno dhidi ya Wakasai yalitosha kufukuza watu Likasi, kisha hapa kwetu Kolwezi. Familia zililala kwenye gare, wiki na wiki, zikingoja treni, na watoto wakafia humo. Walikuwa majirani, walimu, wafanyakazi wa Gécamines. Leo tukisikia vokali inasema "wale wamekuja kutukula kazi", haituchekeshi. Wazazi wetu wanajua ile sauti. Tangazo la uongo lilikula dola 25 za mama mmoja. Vokali ya uongo inaweza kula kartye.

Kwa hiyo tunasema hivi.

Kwa Meta, TikTok na wenzao: mnapata pesa kwa macho yetu na kwa kobalti iliyo ndani ya betri za simu. Lipeni wahakiki Wakongomani, na wafanye kazi kwa Kiswahili chetu, kwa vokali, kwa namba ya WhatsApp ambayo mama wa soko anaweza kutumia. Kifaransa cha Kinshasa hakitoshi. Na maneno ya wanasiasa, ambayo Meta iliyaweka nje ya uhakiki, yaingie. Bongo ya mukubwa inaua zaidi ya bongo ya mudogo.

Kwa makampuni ya mgodi na ofisi ya ONEM: bandikeni kazi zote mahali pamoja, mbele ya watu wote, na mseme kwa sauti kubwa kwamba hakuna kijana anayelipa hata franka moja ili dosye yake ipokelewe. Kama kazi zingetangazwa wazi, mwizi wa namba hangepata soko.

Kwa serikali ya jimbo: ajali ikitokea, toeni hesabu siku hiyohiyo, na mkikosea, msahihishe mbele ya watu.

Kwetu sisi wenyewe: mbele ya kupeleka, tuulize vitu vitatu. Nani alisema kwanza? Yeye alijua namna gani? Nani anapata faida nikiamini? Kama jibu hakuna, ujumbe unalala kwako. Na kama ulishapeleka, rudia katika grupu ileile useme "nilikosea". Haya ya dakika moja ni kidogo kuliko machozi ya mama.

Sisi mashomeri wa Mutoshi tuko na wakati, tuko na masomo, tuko na simu. Tumeanza kati yetu: kila tangazo la kazi linaloingia katika grupu yetu, mmoja anakwenda kwa miguu mpaka ofisini kuuliza mbele halijapita. Ni polepole. Lakini tangu tuanze, hakuna mmoja wetu aliyetuma pesa tena.

Ukweli nao ni mali ya Lualaba. Huo, tusikubali mtu autoe bila sisi kujua.

Vijana wa Mutoshi, Kolwezi