Mwigaji Naye ni Fanani

Wahenga walinena: Mgala muue na haki yake mpe. Mwanamuziki wa baa apigaye nyimbo za wengine hunyimwa haki hiyo. Huitwa kasuku, nao wahakiki wa fasihi humpita kando.

Hebu asikilizwe mzee aliyewahi kushika gitaa katika bendi ya zilizopendwa. Malipo hayataji sana, kwani yalikuwa haba. Hutaja "Sina Makosa" ya Les Wanyika, bendi iliyozaliwa Nairobi mwaka 1978 wanamuziki kadhaa walipojitenga na Simba Wanyika. Hueleza jinsi wimbo huo ulivyorefushwa wachezaji walipojaa ukumbini, ukakatizwa ugomvi ulipozuka, na jinsi jina la mteja aliyewatuza lilivyopachikwa katikati ya ubeti. Usiku uliofuata, wimbo ulikuwa uleule, lakini si uleule.

Je, huo si utendaji? Darasani hufundishwa kwamba ngano haina nakala moja sahihi. Kila fanani huisimulia upya kulingana na hadhira yake. Iweje kanuni hiyo ikomee mlangoni mwa baa?

Ni kweli kwamba mtunzi astahili mirabaha yake. Hata hivyo, kumheshimu mtunzi si kumdharau mtendaji.

Wapigaji hao wanazeeka. Santuri zitahifadhi sauti za studio. Tungo za papo kwa papo zitazikwa pamoja nao. Mwanafunzi anayesaka mada ya tasnifu na achukue kinasasauti, avuke barabara.