PESA ZA MVUA ZIJE KABLA YA MVUA



Kila mvua kubwa inaponyesha twasikia neno lile lile hapa Keringet: "Mafuriko ni shida ya watu wa chini. Sisi tuko juu, maji hayakai kwetu." Ni kweli, hayakai. Yanapita. Lakini hayapiti mikono mitupu. Yanachukua udongo wa shamba, kalvati, daraja la miti, na mara nyingine mtu aliyekuwa akivuka kurudi nyumbani baada ya kazi. Tena huko yanakokwenda wako ndugu zetu.

Tuutazame mwendo wa maji yenyewe. Amala na Nyangores zinatoka huku kwetu Mau, zinakutana na kuwa Mto Mara, nao unakwenda mpaka Tanzania na kuingia Ziwa Viktoria. Itare inashuka upande wa Kericho na kuungana na Sondu, mto ambao watu wa Nyakach wanaujua vizuri kwa sababu huwaingilia majumbani. Upande wa mashariki wa msitu unatoka Mto Njoro, unaomwaga maji katika Ziwa Nakuru. Basi mtu wa Keringet akisema mafuriko hayamhusu ni kama mwenye nyumba ya juu kusema kuwa bomba lililopasuka kwake ni shida ya mpangaji wa chini.

Na hao walio chini ni akina nani? Usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili 2024, kule Mai Mahiu, matope na magogo yaliziba njia ya maji chini ya reli ya zamani. Maji yalikusanyika mpaka yakapasua, yakashukia vijiji watu wakiwa wamelala. Zaidi ya watu 50 walikufa. Miaka sita kabla yake, tarehe 9 Mei 2018, bwawa la shamba kule Solai lilipasuka na kuua watu wasiopungua 47. Na mwaka 2025 Ziwa Naivasha lilipanda likaingia mtaa wa Kihoto, wanakokaa wafanyakazi wengi wa mashamba ya maua. Maelfu walihama. Watu walitoa magodoro yao kwa mashua. Hao ni watu waliopanga chumba pale kwa sababu mshahara wao haukufika mahali penye ardhi kavu na kodi kubwa. Maji hayachagui maskini. Maskini ndiye asiyepata nafasi ya kuchagua mahali pa kujenga.

Ndugu, jambo tunalotaka kulisema leo ni la pesa.

Sheria ya Fedha za Umma ya mwaka 2012 inairuhusu Kaunti kuwa na Mfuko wa Dharura, usiozidi asilimia 2 ya mapato yake. Serikali Kuu nayo ina mfuko wake wa namna hiyo. Ni vizuri, hatukatai. Lakini soma masharti. Pesa hizo hutolewa kwa haja ya haraka ambayo haikutazamiwa. Haikutazamiwa! Sisi twauliza: mvua ya mwezi wa Aprili ni nani asiyeitazamia? Mkulima wa viazi anaitazamia, dereva wa lori la majani ya chai anaitazamia, hata ng'ombe anaitazamia. Muulize mzee ye yote atakuhesabia miaka: 1961, nchi ikikaribia Uhuru, 1997 na 1998, mvua ya El Nino, kisha 2018, 2020, 2023, 2024. Katika masika ya 2024 peke yake karibu watu 300 walikufa katika Kenya. Jambo lililokuja mara zote hizo haliwezi kuitwa mgeni. Ni mwenyeji, naye atafutiwe fungu lake katika bajeti ya kila mwaka kama barua na mafuta ya magari ya wakubwa yanavyotafutiwa.

Ukame umepata heshima hiyo. Mwaka 2011 Serikali iliunda Mamlaka ya Taifa ya Kusimamia Ukame, na mwaka 2016 Bunge likaipa sheria yake. Ina maofisa katika kaunti kavu, inatoa habari kila mwezi, inajua mapema malisho yanapoanza kuisha. Twafurahi kwa ajili ya ndugu zetu wafugaji. Lakini masika ya 2024 yalipofika, mafuriko yalikuwa bado hayajapata mamlaka kama hiyo. Katiba inasema maafa ni kazi ya Serikali Kuu na ni kazi ya Kaunti pia. Kazi ya watu wawili isiyokuwa na mnyapara tunajua inavyokwenda. Mwisho wa mwaka 2023, maji yakiwa tayari majumbani, wakubwa wa Serikali na Magavana walikuwa wakiulizana hadharani pesa za El Nino ziko kwa nani.

Watatuambia, "Lakini tulileta unga na mablanketi." Ahsante kwa unga. Mtu aliyepoteza mtoto hahitaji blanketi lake mwenyewe kulipwa mara mbili ya kalvati ambayo ingemwokoa mtoto. Na sisi wenyewe tuna desturi hiyo hiyo: mtu akifa kwa maji, kofia inapitishwa kazini, kila mmoja anatoa, mazishi yanakwenda vizuri. Kabla hajafa, tukiambiwa tuchange kununua mbao za daraja, tunasema hiyo ni kazi ya Serikali. Ni kazi ya Serikali kweli. Basi tuidai kwa sauti ile ile tunayodai mshahara.

Kwa maana ni mshahara. Mchumaji wa chai analipwa kwa kilo. Majani yakichumwa asubuhi yanatakiwa kiwandani mapema. Lori likikwama kwenye matope au daraja likichukuliwa, majani yanapata joto, yanaharibika, na kesho yake hakuna kuchuma kwa kuwa hakuna njia ya kupeleka. Siku ile hakuna anayeandika katika kitabu chako kwamba ulikuwa tayari kufanya kazi. Kwa hiyo wiki ya mafuriko ni wiki ya njaa hata kwa yule ambaye nyumba yake haikuguswa na tone.

Tusijifanye watakatifu. Mwaka 2001 Serikali ya wakati ule iliondoa makumi ya maelfu ya hekta katika Msitu wa Mau, lakini shoka halikushikwa na Serikali peke yake. Wako kati yetu wanaolima viazi mpaka ukingoni mwa mto, mstari wa mwisho ukinywa maji. Hatusemi watu wafukuzwe. Kufukuzana tumekuona vya kutosha. Tunasema ukingo upandwe mianzi na miti ya kienyeji, na anayepanda na kuitunza alipwe kama mfanyakazi, asiambiwe ni kujitolea.

Njia ya kupata pesa hizo si ndoto. Tangu mwaka 2021 Serikali, pamoja na Benki ya Dunia na nchi nyingine, ilianzisha mpango wa kupeleka pesa za mabadiliko ya hali ya hewa mpaka chini kwa wananchi. Kaunti zilitakiwa kutunga sheria, kutenga sehemu ya bajeti ya maendeleo, na kuunda kamati katika kila wadi za kuamua kazi gani ifanywe. Hilo tunalisifu bila kinyongo. Shida ni nani anayekaa katika kamati. Mwenye shamba anajulikana, mwenye duka anajulikana. Anayekaa katika nyumba ya kazi bondeni, nyumba isiyo yake, juu ya ardhi isiyo yake, nani humwita? Naye ndiye wa kwanza kuamka maji yakiwa kitandani.

Twataka kiti cha wafanyakazi katika kamati ya wadi. Twataka kalvati zizibuliwe Januari na Februari, si Mei, na vijana wa hapa hapa walipwe kuzizibua. Twataka kila bwawa la shamba lililo juu ya nyumba za watu lipimwe na mtu wa Serikali, na matokeo yabandikwe mahali wafanyakazi wanaposoma. Na tajiri aliyejenga nyumba za wafanyakazi katika mkondo wa maji azihamishe kwa gharama yake; hilo si la kuombea pesa za umma.

Kila mwakilishi wa kazini aandike kabla ya mwisho wa mwezi mahali pabaya katika njia ya watu wake: daraja gani, kalvati gani, nyumba ngapi ziko bondeni, wanalala watu wangapi. Asiyejua kuandika amwambie karani wa tawi, ataandikiwa. Karatasi hizo ndizo tutakazokwenda nazo kwa Kaunti bajeti inapojadiliwa.