Daftari Limejaa, Je, Mtoto Ameandika?

Mama mwenzetu, ni lini ulifungua daftari la mwanao kwa mara ya mwisho? Sisi tulifungua la binti yetu jioni moja ya mwezi wa Juni, wakati baridi ya hapa Nyololo inapotukusanya wote jikoni kuota moto. Yuko kidato cha pili. Daftari lake la Baiolojia lilikuwa safi, mwandiko wa kupendeza, kurasa zimejaa Kiingereza. Tulimsifu mbele ya wadogo zake.

Kwa kuwa kazi yetu ni uuguzi, tulipofika kwenye somo la malaria tukamwambia, "Hebu funga daftari. Tuandikie nusu ukurasa jinsi mtu anavyopata malaria." Alishika kalamu, akakaa kimya. Mwisho akaandika mistari miwili, ile ile ya ubaoni, na machozi yakamtoka. Badala ya kumwuliza sababu, tulimwita mvivu. Neno hilo linatuuma hadi leo.

Baadaye tulipata kujua kazi ya mama mmoja msomi, Dkt. Martha Qorro, aliyefundisha kwa miaka mingi katika idara ya lugha za kigeni ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 1999 alipata shahada ya uzamivu chuoni hapo kwa utafiti juu ya kufundisha na kujifunza kuandika katika shule za sekondari za Tanzania. Kuanzia mwaka 2002, yeye na wenzake, akina mama Birgit Brock-Utne wa Norway na Zubeida Desai wa Afrika Kusini, waliongoza mradi wa LOITASA, uliochunguza lugha ya kufundishia katika nchi yetu na Afrika Kusini. Katika mradi huo wanafunzi walionyeshwa picha wakaombwa watunge hadithi. Walioandika kwa Kiswahili walisimulia vizuri na kwa mpangilio. Wengi wa walioandika kwa Kiingereza hawakueleweka. Hawakuwa wajinga, lugha ndiyo iliyowabana.

Mama Qorro hapingi Kiingereza. Katika andiko lake lililotolewa na HakiElimu mwaka 2006, anasema wazazi wengi tunachanganya mambo mawili: kujifunza Kiingereza, na kujifunza kila kitu kwa Kiingereza. Tunadhani la pili litaleta la kwanza. Lakini mtoto asiyeelewa atafanya nini? Atanakili.

Hapo tukamwona binti yetu kwa macho mengine. Nyumbani anasikia Kihehe. Shule ya msingi alisoma kwa Kiswahili miaka saba. Kisha, kidato cha kwanza, karibu masomo yote yakageuka Kiingereza. Daftari lilijaa, lakini maneno yake mwenyewe hayakuwamo.

Msidhani ni jambo la mitihani tu. Sisi wenyewe, tukiwa wanafunzi wa uuguzi, tuliwahi kuandika ripoti ya usiku kwa maneno tuliyoyakariri kitabuni. Mwenzetu wa zamu ya asubuhi alisoma asielewe kwamba mama wa kitanda cha tatu ameanza kutokwa na damu. Tunamshukuru Mungu kwamba muuguzi mkuu alipita akaona mapema. Tangu siku ile tunajua kwamba asiyeweza kuandika alichokiona anaweza kumpoteza mtu.

Basi tulifanya nini? Kwanza, tulimwomba binti yetu radhi. Si rahisi kwa mzazi, lakini ilitupasa. Pili, kila Jumamosi baada ya kazi za nyumbani anafunga daftari la shule na kuandika kwa Kiswahili jambo moja alilojifunza, akimwandikia mtu anayemfahamu. Tatu, hatushiki kalamu nyekundu. Tunasoma, halafu tunauliza, "Hapa ulitaka kusema nini?" Akishaeleweka, ndipo anaandika sentensi tano za jambo lile lile kwa Kiingereza.

Barua ya kwanza ilikwenda kwa bibi yake huko Usangu, kwenye mashamba ya mpunga na mbu wengi. Alimweleza mbu anavyobeba malaria kutoka kwa mtu hadi mtu. Bibi alisomewa na jirani, naye akaomba aandikiwe jibu: chandarua alichokuwa amewafunikia vifaranga amekirudisha kitandani. Binti yetu aliisoma barua hiyo mara tatu.

Alama zake hazijapanda sana, hatutawadanganya. Ila sasa anauliza maswali, na jikoni hatulii tena mtu akitaja daftari.

Mama, wiki hii mpe mwanao karatasi tupu, ukae karibu naye. Akishindwa, usimwite mvivu. Mwulize kwanza kama ameelewa.