Njia ya Misafara: Tuanzie Ujiji, Tusianzie Bagamoyo



Kiangazi kinapokaribia, vijana wetu huanza kupanga safari. Baiskeli, ambayo wazee wetu waliitumia kubebea madumu ya maji na magunia ya mkaa, leo imekuwa pia chombo cha kuijua nchi: kijana hufunga mzigo wake kwenye karia, akatoka mkoa mmoja hadi mwingine akiwa na wenzake. Jambo hili ni jema. Qur'ani Tukufu imetuhimiza mara nyingi tutembee katika ardhi na tuzingatie mwisho wa waliotutangulia. Kwa hiyo leo, badala ya kuwazuia vijana, tunataka kuwaelekeza wazazi kwenye njia moja yenye mengi ya kuzingatiwa, nayo ni njia ya kati ya misafara, baina ya Bagamoyo na Ujiji.

Njia hii ina urefu wa zaidi ya kilomita 1,200. Mwaka 2006 nchi yetu iliiwasilisha UNESCO katika orodha ya awali ya urithi wa dunia, ikitaja vituo vyake sita: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Katika karne ya 19, vitambaa vya merikani, shanga, waya za shaba na bunduki zilipanda bara kupitia njia hii. Zilizoteremka pwani zilikuwa pembe za ndovu, na pamoja nazo walikuwemo wanadamu waliofungwa makongwa na minyororo.

Insafu inatutaka tueleze jambo hili kwa ukamilifu. Si kila aliyebeba mzigo katika njia hii alikuwa mtumwa. Wapagazi wengi, hasa Wanyamwezi, walikuwa watu huru waliofanya kazi kwa ujira na kujivunia kazi yao. Tena watumwa wengi zaidi waliofikishwa Zanzibar walipitia Kilwa, katika njia ya kusini itokayo Ziwa Nyasa. Hata hivyo, hayo hayaiondolei njia ya kati machungu yake. Waliokamatwa vitani na katika mavamizi, Manyema na kwingineko, walipitishwa humo kwa miguu, na wengi wao walikuwa wanawake na watoto.

Vitabu vingi na wasafiri wengi huianza njia hii Bagamoyo na kuimaliza Ujiji. Sababu yake inajulikana. Ndivyo walivyosafiri Wazungu walioiandika: Burton na Speke walioondoka pwani mwaka 1857, na Stanley aliyeondoka Bagamoyo mwaka 1871 akimtafuta Livingstone. Kumbukumbu inayojulikana zaidi pale Ujiji ni ya mkutano wa hao wawili chini ya mwembe. Anayeifuata njia kwa mwelekeo huo huona alichokiona mgeni, naye hufika ziwani akiwa na furaha ya aliyegundua jambo.

Sisi tunashauri kinyume chake. Vijana wapande treni na baiskeli zao hadi Kigoma. Reli ya Kati, iliyofika huko mwaka 1914, kwa sehemu kubwa imeifuata njia ileile ya misafara. Kisha waanzie Ujiji na kuelekea pwani, kwa kuwa huo ndio mwelekeo wa aliyefungwa kongwa. Ziwa linabaki nyuma yake, kila siku linazidi kuwa mbali, na mbele yake kuna bahari asiyoijua. Kwa gari masafa hayo ni siku moja au mbili, nayo hayamfundishi mtu kitu. Kwa baiskeli, kijana mwenye afya, aliyekula na kunywa, atahitaji wiki tatu au zaidi. Hapo ataielewa kwa miguu yake hesabu ambayo kitabu hakikuweza kumwelewesha: misafara ilitumia miezi.

Atapita Uvinza penye chumvi ya tangu zama za kale, kisha Tabora na Kwihara. Baada ya hapo ataingia katika misitu mikavu ambayo watu wa misafara waliiita Mgunda Mkali kwa uhaba wake wa maji. Akishafika Kilimatinde ataingia Ugogo, ambako misafara ilitozwa hongo ili ipite na kuteka maji. Neno hilo lilikuwa na maana ya ushuru kabla halijawa jina la rushwa. Kabla ya Mpwapwa atavuka Marenga Mkali, kipande kingine kilichoogopwa kwa kiu. Akiishiwa maji katika sehemu hizo, yeye anaweza kusimamisha gari. Na amfikirie mama aliyebeba mtoto mgongoni na asiyekuwa na wa kumsimamisha.

Wapo wazazi watakaouliza: ya nini kuwarudisha watoto kwenye historia hiyo, ilhali hutumiwa kuusema vibaya Uislamu? Swali hili lina haki ya kujibiwa. Ni kweli kwamba biashara ile haikuwa ya watu wa dini moja. Walikuwemo watawala wa bara waliouza mateka wao, matajiri wa Kihindi waliokopesha mitaji, wakulima wa Kifaransa katika visiwa vya Bahari ya Hindi waliohitaji vibarua, na viwanda vya Ulaya na Marekani vilivyotaka pembe za kutengenezea vibao vya piano. Ni kweli pia kwamba Wajerumani waliotangaza kuja kuukomesha utumwa hawakuufuta kabisa katika koloni lao. Sayyid Barghash alilifunga soko la Zanzibar mwaka 1873 kwa shinikizo la Waingereza, na mwaka 1876 akaipiga marufuku misafara ya watumwa ya nchi kavu, lakini hadhi ya utumwa kisheria ilifutwa Tanganyika mwaka 1922.

Yote hayo tuyaseme. Lakini tukishayasema, tusijifiche nyuma yake. Miongoni mwa wenye misafara walikuwemo Waislamu waliosali na kufunga, na Tippu Tip alikuwa mmoja wa mashuhuri wao. Dini yetu haina haja ya kulindwa kwa kuficha matendo yao, kwa sababu dini yenyewe ndiyo inayoyahukumu. Imethibiti katika hadithi Qudsi kwamba Mwenyezi Mungu atakuwa hasimu, Siku ya Kiyama, wa mtu aliyemuuza muungwana na kula thamani yake. Wanakijiji waliovamiwa usiku mashambani mwao walikuwa waungwana. Nasi katika Suratun Nisaa tumeamrishwa kusimamia uadilifu hata ukiwa dhidi ya nafsi zetu, wazazi wetu na jamaa zetu. Kijana asiyeambiwa haya nyumbani atakuja kuambiwa na mwingine kwa namna nyingine, na siku hiyo atahisi kwamba wazee wake walimficha.

Jambo hili pia lina uzito wake leo, ndani ya nyumba zetu. Zipo familia zinazosema kwa fahari kwamba babu yao alikuja na msafara, bila kueleza alikuwa upande gani wa kamba. Posa hukataliwa kwa maneno ya chini chini kwamba kijana hana asili. Binti mwenye dini na adabu hupitwa kwa sababu ya jina la ukoo wa bibi yake. Huo ni utumwa ambao hakuna sheria ya 1922 iliyoufikia. Katika miji kama Ujiji, Tabora na Bagamoyo, damu ya mwenye msafara na damu ya aliyefungwa zimekwisha kuchanganyika katika nyumba zilezile, na wengi wetu ni wajukuu wa wote wawili.

Ndiyo maana tunapenda safari hii imalizikie Bagamoyo, na vijana watakapofika walizuru kaburi la Sheikh Ramiya, Allah amrehemu. Mzee huyu, Yahya bin Abdallah kwa jina lake, alizaliwa Manyema, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, akaletwa Bagamoyo mtumwa angali mtoto. Alisoma, akaachwa huru, akafungua chuo, akawa khalifa wa tarika ya Qadiriyya. Hadi alipofariki mwaka 1931, waungwana wa mji uleule walikuwa wakikaa mbele yake kupokea elimu. Wengi wamehudhuria maulidi yanayofungamana na jina lake bila kujua ni njia gani iliyomleta. Kijana aliyetoka Ujiji kwa baiskeli atajua.

Kwa wazazi watakaoridhia, tuna nasaha chache. Safari iwe kati ya Juni na Oktoba, wakati wa ukavu, na isiangukie Ramadhani. Kundi liwe na mkubwa anayeaminika. Mabinti wasiachwe nyuma, bali wapangiwe safari yenye mahram na gari la kusindikiza, hata kama ni ya kipande kimoja tu, kwa mfano Msata hadi Bagamoyo, kilomita 64 za lami. Waondoke baada ya Alfajiri, wapumzike jua likiwa kali, na wafundishwe kabla hukumu za msafiri za kupunguza na kukusanya sala. Kila mmoja awe na pampu, viraka, tyubu ya akiba na taa ya nyuma, kwani malori hayana subira. Katika misitu ya Tabora wavae nguo za rangi hafifu, maana mbung'o hupenda rangi nyeusi na buluu. Jioni walale karibu na msikiti, na wawaombe wazee wa hapo wawasimulie walichosikia kwa babu zao. Wayaandike hata yale yasiyopendeza.

Nao wazee wa nyumbani wajiandae. Kijana atakaporudi atauliza: sisi tulikuwa upande gani? Ajibiwe ukweli kwa kadiri unavyojulikana, mbele ya ndugu zake wote, wakiwemo wale wanaotafutiwa wachumba.

Wabillahi tawfiiq.