Makaa Yaliyoiva Ndiyo ya Kuogopwa

Kipupwe kinapoingia huku kwetu Mwambao, mtu hujitanda shuka ya pili ikamtosha. Lakini jamaa zetu walioko bara, Nairobi, Limuru na Nyahururu, mwezi wa Julai huwajia na baridi ya kupenya mifupa. Wengi wao huingiza seredani chumbani, wakafunga mlango, wakalala. Wapo wasioamka.

Nisingeyaandika haya lau hayakunifika. Kipupwe cha mwaka jana nilikwenda Nairobi kumpongeza mpwa wangu aliyejifungua. Nilimkuta dada yangu, aliyetoka Mombasa kuja kumtazama mzazi, ameweka seredani kando ya kitanda, kama alivyokuwa akifanya marehemu mama yetu. Dirisha limefungwa, na tambara limezibwa chini ya mlango. Palikuwa na sufuria ya maji pia, ati ya kunyonya sumu. Nilipouliza, akanijibu: "Kaka, makaa yameshaiva, hayana moshi."

Hatujamaliza maneno, mzazi akainuka kwenda msalani, akaanguka. Tangu adhuhuri alikuwa akilalamika kichwa na kichefuchefu, nao wakidhani ni uchovu wa uzazi. Tuliwatoa nje yeye na mtoto, tukawakimbiza hospitali, wakapewa oksijeni. Alhamdulillahi, walipona.

Ndugu msomaji, kosa la dada yangu ni letu sote. Tumezoea kuuogopa moshi, kwa kuwa twauona na watuwasha macho. Makaa mekundu hutoa hewa nyingine, kaboni monoksaidi, isiyo rangi wala harufu. Damu huishika hewa hiyo zaidi ya mara 200 kuliko inavyoishika oksijeni, hata mwili ukakosa pumzi na mtu yu ndani ya usingizi. Maji ya sufuria hayaizuii, wala kufukiza udi hakuiondoi.

Wazee wetu walimwotesha mzazi moto, ni kweli. Lakini walikaa nyumba za makuti, upepo ukiingia ubavuni na kutokea juu, hewa mbaya ikapata njia. Sisi tumehamia vyumba vya mawe, dari ya saruji na dirisha la kioo. Nyumba tumeibadili, desturi tumeibeba vile vile. Nao wenye nyumba wanaojenga vyumba visivyo na hata tundu la hewa, wakijua wapangaji wao hupikia makaa humo humo, wana sehemu yao ya lawama.

Wala jambo hili si geni katika dini yetu. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alikwisha kutukataza kuacha moto ukiwaka majumbani tulalapo. Maimamu wetu wangelikumbusha hilo kila kipupwe, wangeokoa roho.

Pikeni milango na madirisha yakiwa wazi, kisha seredani itoke nje kabla ya kulala. Baridi ina dawa yake: blanketi, soksi, sweta, na chai ya tangawizi. Na watu wa chumba kimoja wakiumwa vichwa pamoja, msingoje: tokeni nje, mwende hospitali.

Seredani itoeni, kabla hamjenda lala,
Na dirisha fungueni, hewa ipate mahala,
Blanketi jifunikeni, hilo halina madhila,
Alalaye na makaa, huenda asiamke.