Maarifa ya Nyumbani: Kipi Huchuja Maji, Mchanga au Kokoto?

Mvua kubwa inyeshapo katika vilima vya Ankole, mto Rwizi hupita mjini Mbarara ukiwa na rangi ya udongo, kisha hushika njia ya kuelekea maziwa ya Mburo na Nakivale. Kandokando ya Ziwa Nakivale ndipo yalipo makazi ya wakimbizi yaliyofunguliwa mwaka 1958. Huko, kama ilivyo kwa jamaa za askari wakaao mbali na bomba, mama mwenye mtoto wa kunyonya hulazimika kusafisha maji mwenyewe, na kuni za kuchemshia kila ndoo hazipatikani kwa urahisi.

Aundaye pipa la kuchujia kwa mara ya kwanza hushawishika kujaza kokoto, kwa kuwa hupitisha maji upesi. Upesi huo ndio hasara yenyewe. Kazi hufanywa na mchanga mwembamba, wenye chembe zisizozidi milimita 0.7, uliojazwa kwa kina cha sentimita 50 hivi. Kokoto ni za chini tu, sentimita 10, ndogo juu ya kubwa, ili mchanga usiingie katika bomba. Bomba lenyewe huanzia chini ya pipa na kupanda hadi sentimita 5 juu ya usawa wa mchanga, hivyo mchanga haukauki kamwe. Katika wiki mbili hadi nne, juu yake huota utando wa vijidudu vyema ambavyo hula vile vya maradhi. Ukikauka, utando hufa. Na askari hana haja ya kuelezwa maana ya lindo lililoachwa tupu.

Mchanga wa mtoni huwa na uchafu mwingi. Bora ni wa mawe yaliyopondwa, uliochekechwa na kuoshwa. Kiasi kidogo kitiwe katika chupa ya maji na kutikiswa; baada ya sekunde nne, uso wa mchanga usipoonekana, uoshwe tena.

Mwaka 1892 mji wa Hamburg, Ujerumani, ulikunywa maji ya mto Elbe bila kuyachuja, na kipindupindu kikaua watu zaidi ya 8,000. Jirani yake Altona, uliochota mto ule ule chini ya maji machafu ya Hamburg lakini ukayachuja kwa mchanga, ulinusurika kwa kiasi kikubwa.

Maji ya tope yaachwe yatuame usiku kucha kabla ya kumiminwa pipani. Yakisha kuchujwa, yatiwe dawa ya klorini, ambayo katika tope hupotea bure, kisha yawekwe katika mtungi wenye kifuniko.