Aibu Si Rehani



Mwaka jana nilipokea ujumbe katika simu yangu kutoka namba nisiyoijua. Ulimtaja kwa jina mama mmoja ninayemfahamu, ukamwita tapeli, ukaniamuru nimwambie alipe deni lake kabla ya jioni. Sikuwa mdhamini wake, wala sikujua kwamba amekopa. Kilichoniingiza katika shauri hilo ni kimoja tu: namba yangu ilikuwamo ndani ya simu yake. Ujumbe huo huo ulikuwa umefika kwa baba mkwe wake, kwa mwalimu wa mwanawe na kwa wateja wake wa mboga. Deni lenyewe lilikuwa shilingi 60,000. Kwa majuma mawili mama huyo hakuonekana sokoni.

Wananchi wameipa mikopo ya namna hii jina linaloistahili: kausha damu. Yapo mengi ya kusema juu ya riba yake, lakini leo tuulize swali moja. Je, mkopeshaji huyu alichukua rehani gani? Hakuchukua baiskeli, wala cherehani, wala hati ya kiwanja. Alichukua heshima ya mtu mbele ya watu wake.

Tuone jinsi mpango huu unavyofanya kazi. Mwenye shida anapakua programu ya mkopo. Kabla ya kupewa hata senti moja, programu inaomba ruhusa ya kusoma majina na namba zote zilizomo katika simu. Anayekataa hapewi. Anayekubali, orodha yake inanakiliwa na kupelekwa kwa mkopeshaji. Siku ya kulipa ikipita, orodha hiyo hugeuzwa fimbo. Basi tusidanganyike kwamba haya ni makosa ya karani mmoja mwenye ulimi mchafu. Ndivyo biashara yenyewe ilivyopangwa. Aibu ndiyo dhamana yake, na siri za watu ndizo mtaji wake.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Huduma yoyote ya simu hulinda siri zetu au huziuza kwa kadiri ya mahali inapopata riziki yake. Kampuni inayokula kutokana na siri haiwezi kuwa mlinzi wa siri, hata ikiandika kurasa mia za ahadi.

Historia ya karibuni inatufundisha. Huduma ya WhatsApp, iliyoanza mwaka 2009, kwa muda iliwatoza watumiaji wake wengi dola 1 kwa mwaka, na waanzilishi wake waliyakataa matangazo ya biashara. Mwaka 2014 ilinunuliwa na Facebook kwa bei iliyotajwa kuwa dola bilioni 19. Januari 2016 ada ile iliondolewa, watu wakafurahi kwamba sasa ni bure. Agosti mwaka huo huo ilitangazwa kwamba baadhi ya taarifa za watumiaji, zikiwamo namba za simu, zitashirikishwa kwa Facebook. Mwaka 2017 Umoja wa Ulaya uliitoza Facebook faini ya euro milioni 110 kwa kutoa maelezo ya kupotosha juu ya jambo hilo wakati wa ununuzi. Mmoja wa waanzilishi, Brian Acton, aliondoka, na mwaka 2018 akatoa dola milioni 50 kusaidia kuanzisha mfuko wa huduma nyingine ya ujumbe, Signal, isiyo na wanahisa wala matangazo, inayoendeshwa kwa michango. Mwaka 2023 wasimamizi wake walieleza waziwazi kwamba gharama zao zinaelekea dola milioni 50 kwa mwaka. Kulinda siri kuna gharama, na lazima awepo wa kulipa. Asipolipa mtumiaji kwa fedha zilizo wazi, atalipa kwa kitu kingine asichokiona.

Watetezi wa kausha damu wanazo hoja mbili. Ya kwanza: mkopaji alibonyeza mwenyewe neno «Nakubali». Lakini ridhaa ya mtu ambaye mtoto wake yu mgonjwa ni ridhaa gani? Na hata tukimwachia mkopaji mzigo wake, wale watu mia tatu waliomo katika simu yake waliridhia lini? Mimi sikubonyeza chochote.

Hoja ya pili: pasipo aibu, maskini hawalipi. Hili ni tusi, tena ni uongo. Dawa ya deni ni kulipa, na hakuna anayetetea udanganyifu. Lakini VICOBA vyetu vimekopeshana kwa miaka mingi bila kupekua mfuko wa mtu. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo zake hukaa kwa watu watatu tofauti. Katika SACCOS, mdhamini hutia sahihi akijua analodhamini. Tazama pia huduma ya kutuma pesa kwa simu, iliyoanza Kenya mwaka 2007 na kufika Tanzania mwaka 2008: mama muuza mboga hulipa ada za miamala. Hoja kwamba mnyonge hawezi kulipia huduma imekwisha kukanushwa na mnyonge mwenyewe.

Kwa hiyo mwenye kubuni huduma ya mikopo ya simu hawezi kusema hana njia nyingine. Tunamdai mambo manne. Kwanza, achukue taarifa zile tu ambazo kazi yake inazihitaji. Orodha ya marafiki haihitajiki ili kupima uwezo wa kulipa. Pili, faida yake itoke katika ada na riba iliyotajwa kwa shilingi kabla ya mkopo kutolewa. Tatu, mdhamini awe mtu aliyeulizwa na kukubali. Nne, masharti yaandikwe kwa Kiswahili kinachoeleweka, na taarifa zifutwe zinapokuwa hazina tena sababu halali ya kutunzwa.

Sheria zipo. Katiba ya Tanzania, ibara ya 16, inampa kila mtu haki ya hifadhi ya maisha yake binafsi na mawasiliano yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilitungwa mwaka 2022 na kuanza kutumika Mei 2023. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu 69 zilizokopesha bila leseni. Nchini Kenya, kanuni za mwaka 2022 zinamkataza mkopeshaji kutumia orodha ya namba za mdaiwa ili kumwaibisha, na mwaka 2023 kampuni moja yenye programu mbili ilitozwa faini ya shilingi 2,975,000 za Kenya kwa vitisho vya namna hiyo. Lakini programu iliyofungwa leo yaweza kurudi kesho kwa jina jingine. Faini kwa mwenye kuvuna aibu ni sehemu tu ya gharama zake, maadamu shamba limebaki lile lile. Ndiyo maana leseni isitolewe kabla mwombaji hajaonyesha faida yake inatoka wapi.

Nasi tusijifiche. Zipo parokia ambamo majina ya wasiolipa michango husomwa mbele ya umati. Tukifanya hivyo, tutamkemea nani? Anayedai kwa aibu altareni ni mwalimu wa anayedai kwa aibu katika simu.

Wahenga walisema: aibu ya maiti aijuaye ni mwosha. Mwosha hupewa ujira wake kwa kazi yake, na heshima yake ni kunyamaza. Siku atakapoanza kuuza aliyoyaona, hakuna nyumba itakayomfungulia mlango. Wenye kampuni za simu na programu wamekuwa waosha wetu tungali hai. Wanajua tunamdai nani, tunaumwa nini, tunampigia nani usiku. Walipwe kwa haki, nao wanyamaze.

Basi kabla hujabonyeza «Nakubali», uliza katika jumuiya yako, kwa sauti: huduma hii inakula wapi? Na yule mama akirudi sokoni, nunua mboga zake, wala usimwulize lolote.